Mkono Mweupe kwenye Shingo ya Mama Numbi

Juzi nilikuwa zahanati, nimekaa kwenye benchi nikisubiri kupimwa presha, akapita muuguzi mmoja, binti mwenye kucha nyekundu na mwendo wa haraka. Hakuniangalia, wala sikuwa na haja ya kuangaliwa. Lakini nyuma yake ilibaki harufu: waridi juu, udi katikati, na chini kabisa ule uzito wa mafuta ya kokwa za michikichi. Nilishika ukingo wa benchi. Walipokuja kunipima, presha ikawa imepanda mno, na binti yule yule akanikemea kuhusu chumvi.  Chumvi ilikuwa haina kosa lolote siku ile. Nilikuwa nimenusa mtu aliyezikwa nikiwa na miaka minane.

Nawaeleza ninyi, kwa sababu wanangu nikiwaeleza wanacheka. Tulikuwa Kamina, enzi za Wabelgiji, kwenye siti, mtaa wa watu weusi, ng'ambo ya reli. Baba yangu alichimba makaa ya mawe Luena, na mama alikuwa naye huko. Mimi waliniacha kwa Nkambo, mama yake baba, ili nisome kwa masista. Nyumba ya Nkambo ilikuwa na vyumba viwili, vimetenganishwa kwa pazia la amerikani lililofuliwa hadi likawa rangi ya moshi. Chumba kimoja chetu, mimi na Nkambo. Cha pili cha mwanawe wa mwisho, Baba mdogo Ilunga, pamoja na mkewe Mama Numbi, aliyeolewa kutoka Kabongo, na mtoto wao Mwadi, ambaye alikuwa bado hajajua kutembea.

Baba mdogo alikuwa anatia makaa kwenye gari moshi. Alirudi nyumbani honi ya karakana ikilia alasiri, mweusi mwili mzima, meupe macho tu. Kwanza alioga, nyuma ya ua wa matete, huku anaimba ovyo. Kisha alikaa kwenye mkeka, Mama Numbi nyuma yake, na hapo ilianza kazi ambayo mimi sikukubali kuikosa hata nikiitwa na nani. Mama Numbi alikuwa anatengeneza mafuta yake mwenyewe. Alichemsha mafuta ya kokwa, akayachuja kwa kitambaa, akatia vipande vya udi, yakikaa siku kadhaa akaongeza matone ya marashi kutoka duka la Mama Zuhura, mke wa mfanyabiashara mmoja wa Maniema. Alimpaka mumewe shingoni polepole, kidole gumba kikizunguka nyuma ya sikio halafu kikashuka hadi begani. Kisha mumewe naye alimpaka yeye vivyo hivyo, na tone la mwisho lilikuwa la ncha ya pua yangu, nikikaa kimya.

Wanaume wa jirani walimtania sana. Mtia makaa gani ananukia kuliko bibi harusi? Yeye alicheka tu.

"Kazi iko ya muzungu," aliwaambia. "Ngozi njo yangu."

Alikufa kwa ugonjwa wa kifua, msimu wa mvua, siku tatu tu. Padri alikuja, akanyunyiza maji ya baraka, akasali vizuri, tukamzika chini ya msalaba. Padri alipogeuza baiskeli yake kwenda misioni, mambo yetu wenyewe yakaanza.

Mama Numbi aliwekwa kwenye mkeka chumbani kwake, na kikwembe kimoja cheusi, na kitambaa cha kufunika kichwa na shingo. Hakuruhusiwa kuoga, kuchana nywele, kugusa moto, wala kupaka mafuta. Mtu yeyote hakutakiwa kumgusa ngozi, isipokuwa mtoto anayenyonya. Ilitakiwa ngozi ipauke, ipasuke kwenye vifundo, kila mtu aone kwamba huyu analia kweli. Na kulikuwa na sababu nyingine, ambayo watu wazima waliitaja kwa sauti ya chini: marehemu anaifuata harufu anayoijua. Mjane akinukia kabla ya kutakaswa mtoni, mumewe atarudi.

Msimamizi wa haya yote alikuwa Baba mkubwa Banze, mkubwa wa wana wa Nkambo, kapita, yaani mnyapara, wa kazi za barabara, mtu wa kofia na fimbo. Siku ya maziko alisimama uani akasema mbele ya watu wote:

"Siku nitaona mwili yake inang'aa, anarudia kwabo ku Kabongo. Mutoto atabakia hapa. Mutoto iko wa jamaa yetu."

 Mama Numbi alimvuta Mwadi kifuani kwa nguvu hadi mtoto akalia. Nililielewa jambo hilo vizuri, kwa sababu Mwadi nilikuwa nambeba mimi mgongoni, na nilijua jinsi alivyokuwa hanyamazi mama akitoka hata kwenda uani tu. Tangu siku ile, kila jioni Baba mkubwa alipita. Alisimama mlangoni, akakagua miundi na viwiko vya shemeji yake kwa macho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Imepauka. Vizuri.

Harufu ilianza wiki ya pili.

Kila alasiri, honi ikilia, Nkambo alinituma bombani kuteka maji. Foleni ilikuwa ndefu, na wanawake walinisukuma nyuma kwa sababu ya udogo wangu. Siku moja narudi na ndoo kichwani, nafika mlangoni, nikasimama. Waridi, udi, mafuta. Harufu haikuwa kali. Ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyepita sasa hivi. Mbwa wetu alikuwa amesimama getini, ametazama njia ya reli, mkia unatikisika, kama alivyofanya kila siku Baba mdogo alipokuwa hai. Njiani hakukuwa na mtu.

"Nkambo," nikasema, "unasikia arufu?"

Nkambo alikuwa amekaa uani na ungo wake, anachekecha unga wa muhogo wa bukari, ugali wetu wa jioni, mikono myeupe hadi kwenye viwiko. Kwa kuwa mjane hagusi moto, kazi yote ya jiko ilikuwa yake.

"Arufu gani?" akasema, bila kuinua macho. "Tua maji."

Kesho yake ikaja tena. Na keshokutwa. Ilikuja honi ikilia, ikaondoka kabla ya Baba mkubwa kupita. Nilianza kuingia nyumbani nimebana pumzi. Kofia ya kazi ya Baba mdogo ilikuwa bado kwenye msumari wake, nami niliapa kwamba kila siku imegeuka upande mwingine. Niliacha kucheza karibu na ua wa matete. Nilimpenda Baba mdogo, nisiwadanganye, lakini nilimpenda akiwa hai, na kule kurudi kwake sikukutaka hata kidogo.

Halafu ikaja siku ambayo bomba halikutoa maji. Wanawake waligonga chuma, wakatukana, wakaondoka. Nikarudi nyumbani mapema na ndoo tupu, miguu peku kwenye vumbi lililoloa, sikutoa sauti yoyote. Uani hapakuwa na mtu. Ungo ulikuwa juu ya kigoda. Harufu ilikuwa nzito kuliko siku zote, na ilitoka kwenye dirisha la Mama Numbi, ambalo ubao wake ulikuwa na ufa. Nikaweka jicho.

Mama Numbi alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameelekeza mgongo kwenye pazia. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimevuliwa. Mikono yake miwili ilikuwa imemshika Mwadi aliyelala mapajani; niliihesabu, moja, mbili. Macho yake yalikuwa yamefungwa, na alikuwa anatabasamu. Shingoni mwake kulikuwa na mkono wa tatu. Ulikuwa mweupe, mweupe wa kifo, umetokea kwenye pazia bila mwili, na kidole gumba chake kilikuwa kinazunguka nyuma ya sikio, polepole, halafu kikashuka hadi begani.

Nilipiga yowe lililosikika stesheni. Ndoo ikaanguka. Majirani wakaja mbio, na kwa bahati mbaya Baba mkubwa Banze alikuwa tayari njiani. Alinishika mabega.

"Uliona nini?"

"Baba mudogo! Mukono yake! Iko ku shingo ya Mama Numbi!"

 Baba mkubwa aliingia chumbani. Nami niliingia nyuma yake, kwa sababu kubaki nje peke yangu niliogopa zaidi. Mama Numbi alikuwa amejifunika kitambaa chake upesi. Baba mkubwa aliinama juu ya shingo yake, akanusa kwa kelele, akainuka na uso umebadilika.

"Mafuta," akasema. "Unajipakala mafuta, na mume yako haiyaoza bado. Leta mutoto."

Akanyoosha mikono kumchukua Mwadi. Mama Numbi alijikunja juu ya mtoto, paji la uso mkekani, akawa anasema neno moja tu, hapana, hapana, hapana. Nami ndipo nikaelewa kwamba mdomo wangu ndio uliofanya kazi hii. Nilitamani kulirudisha lile yowe kooni.

Nkambo akaingia kutoka uani, ungo mkononi, unga hadi kwenye viwiko, anatembea taratibu kama mtu aliyeitwa kula.

"Achia mutoto," akasema.

"Mama, ananukia. Nusa weye mwenyewe."

"Nasikia. Minyi nasikia tangu juma moya. Ni Ilunga." Akamtazama mwanawe mkubwa usoni. "Anakuya kila siku ku saa yake kuangalia bibi yake na mutoto wake. Huyu mutoto wa shule amemuona na macho yake. Sasa weye unataka kukamata Mwadi? Kamata basi. Lakini ongea naye kwanza. Iko hapo nyuma yako."

Baba mkubwa Banze, aliyekuwa hamwogopi hata mzungu wake, aligeuka upesi hadi fimbo ikagonga ukuta. Hapakuwa na kitu, isipokuwa pazia, ambalo upepo wa mlangoni ulikuwa unalijaza na kuliachia. Akavua kofia.

Jioni ile hakuweza kuondoka bila kula; ingeonekana amekimbia. Nkambo akapika bukari. Baba mkubwa akanawa, akamega tonge, akachovya, akatia mdomoni, akaacha kutafuna. Nami nilikuwa nimeshameza langu. Bukari ilikuwa na ladha ya waridi.  Baba mkubwa alitoa tonge mdomoni, akaliweka ukingoni mwa sahani kwa heshima kubwa, na nilifahamu kwamba marehemu amekula nasi. Nkambo aliponipangusa uso kabla ya kulala, kiganja chake nacho kilinukia. Hilo halikunishangaza. Niliona ni haki yake, maana mtoto akirudi atakosaje kumpa mama yake mkono?

Mjane wa ukoo wetu kwa kawaida alikaa matangani karibu mwaka. Mama Numbi alikaa majuma mawili mengine tu. Baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyeharakisha: akapelekwa mtoni, akaogeshwa, akanyolewa, akapewa nguo mpya, na hakuna ndugu hata mmoja aliyethubutu kusema kwamba anataka kumrithi. Alibaki nyumbani kwetu na Mwadi wake. Baba mkubwa alianza kupita njia ya upande wa pili.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilisimulia kisa hiki kama nilivyokiona, na watu wengi nimewanyima usingizi. Kisha siku moja, mimi mwenyewe mke na mama, nilikuwa napika bukari kwenye msiba wa jirani. Nilikuwa nimejipaka losheni ya mikono, kwa sababu mimi hata msibani sikubali kupauka. Mzee mmoja akaonja, akakunja uso, akauliza ni nani ameweka pomada kwenye chakula. Watu wakacheka. Mimi nilibaki na mwiko mkononi, natazama mikono yangu, myeupe kwa unga hadi kwenye viwiko.

Nilipanda gari moshi, kisha lori, nikamfuata Mama Numbi Kabongo, alikokwenda kuzeekea kwa ndugu zake. Nkambo alikuwa ameshakufa zamani. Sikumzungusha. Nilimwambia nimejua mkono ule ulikuwa wa Nkambo.

Alicheka.

"Siku ya kwanza minyi nilikatala," akasema. "Nilimuambia, Mama, batatufukuza wote wawili. Aliketi nyuma ya pazia, kusudi muntu akiingia anione minyi peke yangu. Akasema, 'Mwana wangu njo alikufa. Weye hauyakufa.' Akafungua kichupa. Shingo tu, ile yenye kitambaa inafunika."

Nikamuuliza kilichonitisha kuliko mkono wenyewe: kwa nini alikuwa anatabasamu.

"Nilikuwa nafunga macho," akasema, "kusudi ikuwe mukono ya Ilunga. Nani alimufundisha Mama namna ile, ku sikio mupaka ku bega? Sijui. Labda njo vile alikuwa anamupakala Ilunga akiwa mutoto mudogo."

"Na yeye Nkambo alijua kama unafunga macho?"

"Siku moya niligeuka kidogo, nikaangalia mu pazia. Na yeye alikuwa amefunga yake."

Nililia pale kwake kama mtoto. Matanga yale yote tulikuwa tunamlinda mjane asiguswe, tunamkagua, tunamnusa. Nkambo alikuwa amezika mtoto wake wa mwisho, akarudi kwenye ungo na moto, na hakuna hata mmoja wetu, wala mimi niliyelala naye kitanda kimoja, aliyewahi kumwekea mkono begani.