Sanduku Lililomjibu Mama

Mimi nikisikia mtu akisifu kompyuta, hunyamaza. Si kwamba siijui. Niliijua mapema kuliko wengi wenu, pale Busia, miaka ya sabini ikielekea kuisha, na iliniponza.

Ya kwanza niliiona kwenye televisheni. Mwenye duka moja la vitambaa, Mwislamu mkarimu, alikuwa akiigeuza televisheni yake iangalie barabarani kila Jumamosi alasiri, nasi tukajazana verandani. Kulikuwa na mchezo wa watu wanaosafiri nyotani kwa chombo cha chuma. Wakipotelewa na mwenzao, mkubwa wao aliliuliza sanduku lenye kioo kidogo na vitufe kama vya taipureta: yuko wapi? Taa zikawaka na kuzima, sanduku likajibu yuko mahali fulani, ni mzima. Na kweli walimkuta! Mama yangu aliutazama mchezo ule mara moja tu, amesimama na kikapu cha dagaa wa omena kichwani. Nilijua anamfikiria nani.

Kaka yangu alikuwa amevuka mpaka miaka miwili nyuma kwenda kazi ya ukarani Jinja, wakati askari wa huko walipokuwa wakiwabeba watu kama kuku. Hakurudi. Vita vya kumng'oa mtawala wa kule vilipokwisha, watu wakaanza kurejea, wamekonda, wengine bila viatu, na mama akawa anashinda mpakani akiwakagua nyuso. Wazee wa ukoo wetu, huko Bukhayo, wakasema basi, yatosha, tuzike mgomba. Kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane, shina la mgomba huzikwa badala yake, matanga yakaisha, mjane akawa huru. Wifi yangu alikuwa na miaka ishirini na miwili tu, na mwalimu mmoja wa Butula alikuwa tayari kumwoa pamoja na mtoto wake. Mama akakataa katakata. Hatazika mgomba mpaka ajue.

Mimi nilikuwa taipisti katika ofisi ya mizigo, na Jumamosi asubuhi nilimpigia taipu ripoti zake mhandisi mmoja Mzungu wa mradi wa maji. Siku moja naingia sebuleni kwake, salaale, sanduku lile lile! Kioo kile, vitufe vile. Mhandisi alicheka mpaka akakohoa. Akanieleza kwamba linauzwa dukani kwao, mtu analiweka nyumbani kwake, na watu wa televisheni walilibandika taa na vibati tu ili lionekane la ajabu. Lenyewe halijui chochote ambacho hujaliandikia. Nilielewa vizuri sana, na hapo ndipo ubaya wangu ulipo.

Maana mdomo wangu haukutulia. Nilimwambia mama nimeliona. Nikamwambia pia kwamba yale ya televisheni ni maigizo. Hilo la pili hakulisikia. Jumamosi iliyofuata akanifuata kwa mhandisi na jogoo mkononi, amevaa gauni lake la kanisani. Mhandisi, kwa heshima, akaenda jikoni kupika chai, akatuacha.

"Liulize," mama akasema.

"Mama, halijui."

"Wewe liulize. Nani amekutuma ulijibie?"

Nikaandika: MWANANGU YUKO WAPI. Sanduku likaleta Kiingereza chake, kwamba halikuelewa.

"Linasemaje?"

Mama alijua kusoma kile Kiswahili cha katekisimu, silabi kwa silabi. Alikuwa ameinama mpaka pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo. Nikaitazama shingo yake, jinsi ilivyokonda. Ee Mungu wangu. Vidole vikaandika chini yake: YUKO HAI.

"Yu-ko ha-i," mama akasoma. Akaketi sakafuni akalia kwa furaha, jogoo akamponyoka akaingia chini ya meza.

Wazee walipokutana tena, mama alisimama akawaambia. Nilidhani watamcheka, mambo yaishie hapo. Thubutu! Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akishinikiza maziko, kumbe naye alikuwa hakosi pale verandani. Akasema sanduku lile halijawahi kukosea hata Jumamosi moja. Wakaahirisha.

Miezi ikapita. Mwalimu wa Butula alikuja mara mbili, mara ya tatu akatuma barua: atangoja mpaka shule zifunguliwe Januari, baada ya hapo atatafuta kwingine. Wifi akanifuata kisimani.

"Dada, wewe unazijua mashine. Kweli lilisema?"

"Kweli."

"Basi nitamngoja mume wangu," akasema, akajitwika maji yake akaenda. Nilijichukia siku hiyo kuliko siku zote. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu, na kila asubuhi niliamka nikaikanyaga tena.

Desemba nikashindwa. Mama alikuwa uani anapepeta wimbi. Nikapiga magoti nikamwambia yote, kwamba sanduku halikusema neno, ni mimi niliyeandika. Ungo ukasimama mikononi mwake. Nilingoja kofi. Kusema kweli nililitaka. Hakunipiga. Akaanza kuokota punje zilizokuwa zimemwagika.

"Wifi yako anajua?"

"Bado."

"Nenda umwambie. Halafu umwambie baba yako mdogo akate mgomba."

Wanaume walilileta shina wakalilaza juu ya mkeka, bichi, linavuja maji. Mama akatoka ndani na shati jeupe la kaka, amelipiga pasi. Wanawake wa ukoo wakanyoosha mikono kulipokea. Akawapita wote, akanipa mimi.

"Mvishe wewe."

Mgomba hauna mabega. Shati liliteleza kila nilipolivuta juu, utomvu ukalitia madoa, na vidole vile vile vyepesi vya taipu vikashindwa na kifungo. Nilikuwa nalia kwa sauti bila haya. Mama alisimama nyuma yangu, hakunisaidia.

"Funga mpaka juu," akasema. "Alikuwa hapendi baridi."