Simu Kutoka Stesheni ya Milimani

Binti yangu anafundisha Kiingereza huko Japani, kwenye mji mdogo milimani, na mimi niko Tottenham nikihudumia wazee. Asubuhi nikiwa nasubiri basi, kwake jioni inaingia, naye yuko stesheni akisubiri treni ya kumrudisha nyumbani. Hapo ndipo tunapozungumza. Nikitoka kazini yeye ameshalala, na Jumapili anapanda milima, kana kwamba wiki nzima hakuiona.

Ile stesheni niliichukia. Kijumba cha mbao, hita ya mafuta ya taa katikati, na wapanda milima waliofunga kengele kwenye mabegi yao ili dubu wawasikie wakae mbali. Treni yenyewe ni behewa moja, lakini haichelewi. Ikifika tu, binti yangu anakata simu. Kule kuongea na simu ndani ya treni ni utovu wa adabu. "Si unong'one basi," namwambia. Hataki. Mimi kwenye basi langu nasikilizishwa ugomvi wa ndoa za watu mpaka mwisho wa njia, yeye anashindwa kumnong'oneza mama yake!

Msimu ule mkataba wake ulikuwa unaisha. Nilitaka jambo moja tu: arudi. Chumba chake nilishakipaka rangi. Kila nikimuuliza, anaanza, "Mama, about that..." halafu watu wanainuka, kengele zinalia zote pamoja, treni hiyo. Napanda basi nimevimba kwa hasira, namlaumu yule dereva wa Kijapani asiyeugua hata mafua.

Siku moja theluji ikaziba reli. Likatolewa tangazo kwamba hakuna treni mpaka njia isafishwe, na wapanda milima wakaanza kuvua mabuti. Nilifurahi, sifichi. Nikaacha basi langu lipite.

"Haya, leo huna pa kukimbilia. Unarudi lini?"

Akajibu kwa Kiswahili, yeye ambaye tangu utotoni namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza.

"Mama, sirudi. Nimeshaongeza mkataba. Huku nina furaha. Usinikasirikie, mama."

Maneno hayo alikuwa ameyafanyia mazoezi, nilisikia. Simu ikabaki wazi, hita yao inanguruma, na mimi natamani treni yake ije upesi.