Nilivyopima kuhama Singida na mtoto mwenye pumu, miaka ile ya soko huria

Wakuu, poleni na majukumu.

Humu mimi ni msomaji tu, kuandika siandiki. Ila juzi nimeona kijana ameuliza kama akubali kazi Singida au akatae, na majibu karibu yote yakawa utani wa kuku na upepo. Nilicheka. Halafu nikakosa raha, maana swali hilo hilo liliwahi kunikondesha.

Nitaeleza yaliyotokea kama yalivyotokea. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kweli tupu, pamoja na yale yasiyonipendezesha.

Mimi ni mzaliwa wa Muheza, Tanga. Singida nililetwa na kazi. Nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha umma cha kukamua mafuta ya alizeti. Nikapewa nyumba ya kiwanda, nikaoa hapo hapo mjini.

Mke wangu, Mwajuma, ni wa familia ya wafanyabiashara wa khanga na vitenge. Babu yake alitokea pwani zamani na kuoa Mnyaturu, kwa hiyo yeye anajiita mtu wa Singida na hataki mjadala.

Tulikuwa na mtoto mmoja, Rukia, wa miaka sita. Rukia alikuwa na pumu.

Kwa mliozaliwa juzi: kipindi hicho ndo soko huria limeingia. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni, mitumba, na mafuta ya kula ya kutoka nje. Watu tulifurahi. Mimi mwenyewe niliyanunua yale mafuta nikayasifia nyumbani, mjinga mimi, kumbe ndiyo yanayokuja kufunga kiwanda chetu.

Siku moja asubuhi tukakusanywa uwanjani, yakasomwa majina. Redandansi, yaani kupunguzwa kazi, ndiyo neno lenyewe. Jina langu lilikuwa karibu na mwisho, na mpaka linasomwa nilikuwa nimeshaanza kujidanganya kwamba nimepona.

Tukapewa miezi mitatu ya kuhama nyumba za kiwanda.

Wakuu, hapo ndipo stresi ilipoanza.

Nilichukua daftari la shule la Rukia lililobaki kurasa, nikapiga mstari katikati. Upande huu kubaki, upande ule kuondoka. Kila siku naongeza, kila siku nafuta.

Kubaki: ukweni wapo, majirani tunajuana, ardhi ipo, na wakulima wa alizeti wapo wengi. Watu wa kule si waongeaji sana kama sisi wa Tanga, ila ukifiwa wanakuja na wanakaa.

Kuondoka: maji ya chumvi. Maji mengine yanaacha meno ya watoto na rangi ya kahawia. Barabara ya vumbi kiangazi na tope masika. Kazi hakuna. Na upepo, wakuu. Kuanzia Juni unavuma mpaka Septemba, unakuja na vumbi, unaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa. Kila ulipovuma namwangalia Rukia kifua kinavyopanda na kushuka.

Nikajiambia mtoto huyu anauawa na Singida. Nilivyoliandika hilo, upande wa pili wote ukaonekana hauna maana.

Mwajuma alinikuta na lile daftari, akasoma, akalifunga.

"Baba Rukia, mimi umeniandika upande gani?"

Nikamwambia natafuta uhai wa mtoto. Akasema, "Haya." Mwanamke wa kule akisema haya kwa sauti ile, ujue hajakubali.

Mwaka mpya ulipopita nikaenda Muheza peke yangu kukagua. Niliaga wiki mbili.

Kaka yangu mkubwa, Athumani, alinipokea kwa machozi. Kaka huyu ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Akanionyesha kiwanja nyuma ya nyumba yake, michungwa imezaa, mto unapita chini pale, kila kitu kijani kibichi. Mtu uliyetoka kwenye ukame unaona kama umefika peponi.

"Walete hapa," akaniambia. "Miaka yote unahangaika ugenini kama huna kwenu."

Nikakubali. Sikumuuliza Mwajuma, nikakubali palepale. Asubuhi yake tukaanza kufyatua tofali.

Wiki mbili zikawa tatu, zikaingia nne. Barua nimeandika moja tu.

Siku moja nimerudi mchana kunywa maji, shemeji, mke wa kaka, akaniangalia vibaya mno. Alikuwa anachambua mchele. Akaacha.

"Shemeji, kwani kaka yako hajakuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Kuhusu telegramu."

Nikaweka kikombe chini.

Nilimfuata kaka kwenye tofali. Hakukana. Akaingiza mkono mfukoni akaitoa, imekunjwa mara nne. RUKIA MAHUTUTI NJOO HARAKA MWAJUMA.

"Imefika lini?"

"Jumatatu."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Nilidhani ni ujanja wa mkeo," kaka akasema. "Nilidhani anakuvuta urudi. Nilitaka kuta zisimame kwanza."

Sikumtukana wala kumpiga. Nilinawa udongo mikononi, nikachukua begi, nikaondoka bila kumuaga. Nyuma nasikia ananiita jina la utotoni, sikugeuka.

Sasa kwa vijana: hakukuwa na simu za mkononi. Ukishasoma telegramu hujui kinachoendelea upande wa pili. Nilituma ya kujibu pale posta, lakini jibu ningelipatia wapi na mimi niko njiani? Mahututi ya Jumatatu, au ya kabla ya Jumatatu. Alhamisi anakuwaje?

Nilipanda basi mpaka Chalinze, nikadandia la kwenda Dodoma. Abiria jirani yangu alikuwa anakula mahindi, ananikaribisha, natikisa kichwa tu. Nilikuwa nahesabu pumzi zangu mwenyewe kama nampumulia Rukia.

Dodoma nikaambiwa mabasi ya Singida hayaendi, barabara imekatika kwa mvua. Nikapata lori la chumvi na sabuni. Dereva alikuwa Mnyiramba mmoja mtaratibu sana, na siku ile utaratibu wake uliniumiza. Kila dimbwi anashuka, analipima kwa fimbo, anarudi, anawasha. Nilimwambia mwanangu anakufa. Akanijibu, "Ndiyo maana nataka tufike."

Tulizama mara mbili baada ya Manyoni. Jumamosi saa nne asubuhi tukafika Ikungi, na hapo lori likagoma kabisa. Ni kama kilomita thelathini na kitu kufika mjini.

Nilisimama sokoni naangalia watu wanaotokea upande wa Singida. Nataka kuuliza, naogopa kuuliza. Mwisho akaja mzee mmoja na baiskeli, amefunga tenga la kuku.

"Shikamoo mzee. Umetoka mjini?"

"Marahaba. Nimetoka jana."

Nikamtajia mtaa wetu wa nyumba za kiwanda. "Kuna habari gani kule?"

Akafikiri. "Kule kuna msiba."

"Wa nani?"

"Wa mtoto. Jina sikulisikia. Nilipita tu nikaona watu wamekaa nje."

Sijui niseme nini hapa wakuu. Nimefika umri huu, nimezika wazazi, ila sijawahi kusikia kitu kama nilichosikia kifuani dakika ile. Mzee aliona uso wangu, akaegesha baiskeli.

"Ni wa kwako?"

"Sijui."

Akafungua lile tenga, akaliacha kwa mama muuza chai, akanipa baiskeli yake. Hakuwa ananijua. Akasema tu niiache kwenye duka la mtu fulani mjini, yeye ataifuata.

Niliendesha kwenye tope, kwingine nabeba baiskeli begani. Nilipita Puma nalia waziwazi, watu wananitazama shambani. Namuahidi Mungu kila kitu. Sitahama, nitahama, lolote atakalo.

Saa tisa hivi nikaukuta mtaa wetu. Watu wamekaa nje kweli, mikeka imetandikwa, wanawake wamejitanda khanga.

Ila haikuwa nyumba yetu. Ilikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu, ya mwenzangu Hamisi tuliyesomewa majina pamoja. Mwanaye wa kiume amekufa kwa malaria.

Wakuu, nilipoona siyo mlango wangu nilisema "Alhamdulillahi" kwa sauti. Mbele ya msiba wa mtu. Hamisi aliniangalia. Hajawahi kunitajia mpaka leo, lakini alinisikia. Hilo nimeamua kuliandika kwa sababu niliahidi ukweli.

Rukia nilimkuta amekaa kwenye kigoda anakula uji. Amekonda, macho makubwa. Akasema, "Baba, una matope." Nikakaa chini palepale.

Mwajuma hakunikimbilia. Alinipa maji ya kunawa, akanieleza akiwa amesimama. Mtoto alipata mafua, yakageuka pumu, midomo ikawa ya bluu. Mchana, gari hakuna. Jirani yetu Mama Ntandu, Mnyaturu mmoja mwenye mwili, alimfunga Rukia mgongoni akakimbia naye mpaka hospitali, huku Mwajuma na wanawake wengine wakipokezana naye njiani. Alichomwa sindano, akawekewa oksijeni, akalazwa siku tano. Kila siku kuna mtu wa mtaa aliyeleta chakula.

"Mafua?" nikauliza. "Siyo vumbi?"

"Vumbi gani, na mvua hii?"

Ndipo akasema maneno ambayo sitayasahau.

"Wewe ulikuwa unapima mikoa. Mimi nilikuwa napima pumzi za mtoto, na hukuwepo."

Kesho yake nilikwenda kwa daktari aliyemtibu. Nilitaka aniambie neno moja: hameni, au bakini. Akasema pumu ya huyu inaamshwa na vumbi na inaamshwa na mafua, na Muheza kwenye unyevu na ukungu ule anaweza kupata nafuu au akazidiwa. "Hakuna mtu wa kukuahidi, baba. Popote mtakapokuwa, muwe karibu na hospitali na karibu na watu."

Nilitoka na hofu ileile niliyoingia nayo. Hilo ndilo watu hawalisemi kwenye hizi nyuzi za mikoa. Tunataka jibu la kututoa hofu, na mara nyingi halipo.

Tulibaki.

Siyo kwamba mambo yalinyooka. Tulihamia chumba kimoja kwa baba mkwe. Mwanaume mzima, naamkia "shikamoo baba" kila asubuhi nikiwa sina pa kwenda. Juni upepo ukarudi, na mimi nikawa mtu wa kuloanisha mashuka na kuyatundika madirishani. Rukia alilazwa tena mara mbili miaka ile. Kila mara nilijiuliza kama nimemponza.

Kazi ilinifuata polepole. Kwa soko huria lilelile, wafanyabiashara walianza kuleta mashine ndogondogo za kukamua alizeti, na mafundi wake hawakuwepo. Ya kwanza nilifunga Shelui, kwa mama mmoja mjane. Ilipotoa mafuta ya kwanza, wakulima waliokuwa wamepanga foleni na magunia walipiga makofi, na mimi nikajikausha kama mtu aliyezoea.

Naona kuna mkuu aliyesoma vipande vya mwanzo nilivyotangulia kuweka ameniuliza inbox kama meno ya Rukia yaliharibika. Ndiyo, yana rangi. Akiwa sekondari alikuwa anacheka huku ameziba mdomo, na ilikuwa inaniuma. Pumu ilipungua alipokua, ila siwezi kudanganya kwamba Singida ndiyo iliyomponya. Sijui.

Na kaka nilimpoteza karibu miaka nane. Barua zangu hakujibu, na mimi kwa hasira niliacha kuandika.

Halafu Agosti moja akatokea stendi bila taarifa, na mfuko wa machungwa. Alikaa wiki mbili. Upepo ulimtesa, maji ya chumvi yalimshinda, kila siku analalamika. Siku moja Mama Ntandu alikuja kumsalimia, akamwambia kwa Kiswahili chake cha mkato, "Wewe ndiyo kaka? Mdogo wako ni mtu wetu."

Siku ya kuondoka, basi limeshawashwa, akanishika mkono.

"Nilikukosea. Nilitaka uwe karibu na mimi, basi."

Nikamwambia najua. Akasema, "Mimi hapa nisingeweza hata mwezi." Akapanda.

Kwa hiyo kijana uliyeuliza kama uende Singida au usiende, mimi nitakuambia hivi. Upepo upo, maji yaulizie kabla hujapanga nyumba, vumbi utalizoea au hutalizoea. Hayo yote ni kweli na yaandike. Kosa langu halikuwa kuyaandika. Kosa langu ni kwamba nilikaa peke yangu na daftari nikaamua maisha ya watu watatu, halafu nikaenda mbali kukagua nyumba na kuwaacha wenye nyumba.

Kama una mke, muulize yeye anaweza kumkimbilia nani mchana wa jua kali mtoto akizidiwa. Akiwa na jina la kutaja, huo mkoa unakaliwa. Akiwa hana, hata uwe na mto nyuma ya nyumba, fikiri tena.

Mliohamia Singida miaka ya karibuni, njooni mtueleze nyinyi wageni mnaionaje hali sasa, hasa wenye watoto wa pumu. Na aliyewahi kuhama kwa ajili ya afya ya mtoto, popote pale, naomba aseme kama ilimsaidia. Hilo bado najiuliza.