Sifuri ya Insha ya Historia

Mwalimu wa historia wa kidato cha sita alimpa sifuri binti mmoja mpole. Insha yake ya mradi ilikuwa nzuri kupita kiasi.

“Umenakili wapi?” alimuuliza mbele ya darasa.

“Nimeandika mwenyewe, Mwalimu.”

Wenzake wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo hakuonekana shuleni.

Baada ya wiki mbili mama yake, fundi cherehani, alileta daftari lenye rasimu nne za insha ile, zimejaa masahihisho ya mkono wa binti.

“Mwanangu amegoma kurudi, Mwalimu. Nimembembeleza mpaka nimechoka.”

Mwalimu alizisoma zote, moyo ukamuuma. Akaenda kwao kuomba radhi. Binti alimsikiliza, akamshukuru kwa adabu, kisha akaendelea kupiga pasi nguo za wateja. Mtihani wa mwisho ulifanyika bila yeye.