Siku Tuliyong'oa Nyaya za Majirani

Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni na kupata cheti cha kompyuta, na pale Tunduma, kwenye ofisi ya wakala wa forodha iliyoniajiri, nilijiona fundi asiye na mwenzake kuanzia Ndalambo mpaka Lusaka. Asubuhi moja ikaingia barua pepe kutoka kwa waliotuuzia programu ya kulinda kompyuta zetu. Programu ina tundu, walisema. Yeyote aliyeungwa kwenye mtandao wenu anaweza kuipa amri zake, nayo ikatii. Yaani mlinzi uliyemweka getini, mwizi akimtuma abebe televisheni, anabeba, na mlango anakufungia. Kwanza watoeni wageni kwenye mtandao, kisha wekeni toleo jipya.

Wageni gani sasa? Intaneti yetu ilitoka dirishani ikaenda saluni, ikaenda kwa fundi simu, ikaishia kwa jirani mwenye intaneti kafe. Kwetu kumnyima jirani waya ni sawa na kumnyima kaa la kuwashia jiko. Nyaya zilitambaa ukutani kushinda mashina ya maboga kule Ihanda.

Bosi akazima kompyuta zote. Hapo ndipo aliposimama mama mmoja wa Igamba. Lori lake la nyanya lilikuwa kwenye foleni ya mpaka tangu jana yake, likisubiri tutume nyaraka, na jua lilikuwa la kuzipikia nyanya mlemle kwenye matenga.

"Mwanangu, hilo tundu linazibwaje?"

"Mpaka niwang'olee majirani waya, mama."

"Si uwang'olee."

Nikaenda. Mwenye kafe alinitazama kama niliyekuja kumposa mkewe. "Fundi, wateja wamejaa humu. Cheti umekipata jioni, usituletee na giza lake mchana."

Mama akaingia nyuma yangu, kanga kiunoni. "Baba, wewe unauza dakika, mimi nauza nyanya. Dakika ikioza inanuka?"

Kafe nzima ikacheka. Dereva mmoja wa Zambia akainuka kwenye kiti. "Ba mayo ameshinda," akasema, akimwita mama kwa Kibemba, akauchomoa waya mwenyewe. Saluni na fundi simu nao wakachomoa zao.

Basi nikaiwasha seva, kompyuta kuu ya ofisi, na majirani wote wakahamia dirishani kwetu kutazama toleo jipya likishuka. Mstari wa kijani ulitembea kwenye kioo chake kama kinyonga mjamzito. Msusi alimwacha mteja na nusu kichwa, na mteja naye akaja na nusu yake. Mstari ukisogea, wanashangilia bao. Ulipofika mwisho nikaiwasha seva upya, tundu limezibwa, bosi akazituma nyaraka, na vigelegele vya siku ile nadhani Mbeya walivisikia.

Foleni iliposogea, mama alipanda akakaa kando ya dereva wake. Mwenye kafe akawa anakimbia ubavuni mwa lori.

"Mama, na waya wangu je?"

"Muulize fundi, baba. Mimi niko safarini."

Lori likavuka geti.