Sauti ya Marehemu Darasani

Mwalimu wa kompyuta alikuwa na kanuni moja, na wanafunzi walimtania nayo mpaka uwanjani. Kabla hujagusa picha, sauti au jina la mtu, uliza mambo mawili: Ni ya nani? Ameridhia? Maneno hayo yalikaa juu ya ubao, hayafutwi. Mtundu mmoja, aliyeitwa Waziri kwa kupenda hotuba, alikuwa akipora peremende ya jirani, anauliza, "Ni ya nani? Ameridhia?" huku anaitia kinywani.

Binti wa mwalimu alisoma darasa hilohilo, dawati la dirishani. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Enzi za mama binti huyo aliitwa Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Sasa yeye na baba walikula wakisikiliza vijiko. Kila asubuhi, akiwa ameshafunga viatu, aliweka simu sikioni na kusikiliza ujumbe wa mwisho wa mama: "Chiriku, chukua sweta, kuna baridi. Na usikimbie kwenye ngazi." Basi, hayo tu. Baba alimsubiri mlangoni, akijifanya anatafuta funguo.

Wiki ile somo lilikuwa namna akili mnemba inavyoiga sauti ya mtu baada ya kusikia maneno machache. Mwalimu alitaka wasikie kwa masikio yao wenyewe. Sauti ya mwanafunzi hakuthubutu kuitumia. Ikishaingia kwenye mitambo ya watu usiowajua, huwezi kuidai tena. Akamwomba mwalimu wa hesabu.

"Niachie sauti yangu, kaka," akajibiwa. "Shemeji yako ataamini lolote itakalosema."

Ndipo alipozikumbuka sauti za mkewe zilizobaki kwenye simu. Marehemu hawezi kudhurika, alijiambia. Binti alimfikiria pia, tena kwa wema: atafurahi kumsikia mama yake tena. Kumuuliza hakukumjia akilini.

Ofisi ya walimu ilipobaki tupu, aliijaribu programu. Akaandika, "Pole na kazi, mume wangu." Ikasema. Ilikuwa yeye kabisa, hata ule mkwaruzo kidogo wa koo. Akairudia mpaka chai ikapoa. Hapo hakupima tena kama inafaa.

Darasani aliunganisha spika. "Hii ni sauti ya mtu ninayemfahamu. Mimi nitaandika, yeye atasema. Nipeni sentensi."

Waziri alikuwa ameshasimama. "Ticha, aseme leo hakuna mtihani, twendeni nyumbani!"

Mwalimu akacheka, akaandika. Na mama wa Chiriku akasema, kwa upole wake uleule, "Wanangu, leo hakuna mtihani. Nendeni nyumbani."

Darasa likalipuka. Wengine walipiga madawati. "Mama huyu apewe ukuu wa shule!" alipaza sauti Waziri. "Tena, ticha, tena!"

Binti alikuwa amesimama. Hakulia. Alinyoosha kidole juu ya ubao, kwenye yale maswali mawili, kisha akachukua mkoba na kutoka.

"Kwani huyo mama ni nani?" Waziri akauliza, kicheko kikimfia usoni.

"Mama yake," mwalimu akajibu.

Jioni alimkuta binti yake jikoni, sare bado mwilini. Mwalimu alisimama kizingitini kama mgeni.

"Nimefuta kila kitu, mwanangu. Niliona kwamba yeye hawezi tena kuulizwa..."

"Mimi nipo, baba. Mbona hukuniuliza mimi?"

Miaka yote alikuwa akiwafundisha watoto wa wenzake wasikubali vitu vyao viguswe bila ridhaa, na tunafanya hivyo wengi sisi tunaojiona tumeamka: tunahubiri faragha mbele ya ubao, tukirudi nyumbani mtoto anakuwa mali yetu, na msiba wake pia.

"Wewe uliiambia ile mashine iseme nini?" binti akauliza. "Ulipokuwa peke yako."

Akamung'unya maneno. "Pole na kazi, mume wangu."

"Mama hakuwahi kukuita mume wangu. Alikuita Profesa. Akikuchokoza."

Ilikuwa kweli. Mwalimu akashika fremu ya mlango. Alikuwa amelisahau jina lile, na mashine haikuwa na namna ya kumkumbusha.

Binti akatoa simu, akabonyeza. "Chiriku, chukua sweta, kuna baridi..." Akaikata hapohapo, akairudisha mwanzo, akaikata tena.

"Baba, hii ni yeye?"

"Ni yeye. Naapa ni yeye."

"Unajuaje? Si wewe uliyetufundisha tusiamini sauti kwa kuwa tu inafanana? Nikiisikiliza sasa nawasikia wakicheka. Anasema sweta, mimi nasikia mtihani."

Alitaka kumkumbatia, binti akarudi nyuma hatua moja, kwa heshima, kama anavyompisha mtu mzima njiani.

Asubuhi iliyofuata mwalimu alisimama mlangoni, akatafuta funguo zilizokuwa mkononi mwake. Binti alifunga viatu, akampita. Simu ilibaki mezani, kioo kikitazama chini. Sweta nayo alikuwa ameiacha, na nje kulikuwa na baridi.