Majani ya Ng'ombe Watatu

Nyumba ya mjini Bowie ndiyo niliyokaa muda mrefu kuliko zote Marekani, na hata hapo sikumaliza miaka miwili. Shule niliacha darasa la sita. Tangu hapo nimejifunza kwa kuhamahama na kuulizauliza. Mwenye nyumba alikuwa nesi, mtu wa Kilimanjaro kule juu, na nilimwita dada. Alinipa chumba cha chini kwa sharti moja: mchana akiwa kazini, nimwangalie mama yake.

Kumbukumbu za bibi huyo zilikuwa zimechanganyika. Kila siku saa tisa alasiri alijifunga kanga juu ya koti na kuelekea barabarani.

"Ng'ombe wanalia," alisema.

Barabara ile haina njia ya waenda kwa miguu, na magari hupita kama yamefukuzwa. Mara mbili nilimkuta ameshakanyaga lami. Ya pili, dereva alifunga breki hatua moja mbele yetu.

"Kaka," dada aliniambia, "ya tatu sitaki kuisikia nikiwa wodini."

Zamani kidogo nilibeba vyungu kwenye kitalu cha miche katika mji wa Rockville. Huko nilikutana na majani ya asili ya nchi ile, yanayozidi urefu wa mtu, yenye suke la panda tatu kama mguu wa bata mzinga. Muuzaji, baada ya kuchoshwa na maswali yangu, alinieleza: hayataki mbolea wala maji mengi, yanataka jua la kutwa. Mwaka wa kwanza yanajenga mizizi, juu huoni kitu. Nilipohamia kwa dada niliyapanda nyuma ya nyumba, kwa udadisi tu. Nilitaka nilione hilo suke kabla sijaondoka.

Kiangazi cha pili yalinifika kifuani. Bibi akayaona dirishani.

"Nani kapanda mabingobingo?"

Hayo ndiyo majani wanayolishia ng'ombe kwao. Nikasema ni mimi.

"Mwanaume! Mkeo yuko wapi?"

"Sina, bibi."

"Ndiyo maana umeyaachanisha kama meno yako."

Akachukua kisu cha mkate, kile chenye meno kama mundu, akakata mzigo, akaufunga kwa kanga na kuutua mlangoni pa gereji. Barabarani hakwenda. Jioni dada alipouona alikaa kwenye ngazi na viatu vyake vya kazi, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Walikuwa watatu," alisema. "Tuliwauza tulipomleta huku."

Wiki tatu nilipumua. Lakini bibi alikata kila alasiri, tena chini kabisa. Nikampigia muuzaji. Akasema yakikatwa chini ya goti wakati wa joto yanachoka, nimwambie huyo anayekata aache. Nimwambie nini? Nikimnyima kisu, ataenda barabarani. Nikimwachia, majani yataisha, ataenda barabarani. Nikafanya nilichokatazwa: nikamwaga mbolea, nikafungulia maji. Yalichipua laini na kuanguka.

"Umeyalewesha, baba," bibi alinicheka. "Yamelala kama shemeji zangu."

Mwezi wa kumi ulikuta visiki, na bua moja kando ya uzio. Lilikuwa jekundu, na suke lake limefunguka panda tatu. Kila asubuhi nilienda kulitazama. Siku moja saa tisa bibi alilikata nikiwa nimesimama pale pale. Aliligeuzageuza, kisha akaangalia visiki kimoja kimoja.

"Hapa pamekwisha," alisema. "Twende mbele."

Mlango wa mbele niliwahi kumfungia siku moja. Aliupiga ngumi mpaka vidole vikavimba. Safari hii nilimwomba nimbebee kisu, nikachukua koti langu, tukatoka barabarani, mimi upande wa magari.

"Njia unaijua?" akaniuliza.

"Siijui, bibi."

"Basi nifuate."

Gari la kwanza likatupigia honi ndefu. Bibi akalipungia lile suke.